Mtandao wa Baba Jérémie

Ukimkuta Damien Lombe ameketi kwenye kiti chake cha mbao mbele ya nyumba, pale Makomeno, mtaa wa Lubumbashi, usimuulize habari za wifi kama una haraka. Atakusimulia yote tangu siku ya kwanza, na atajitukana mwenyewe kabla hujapata nafasi ya kumcheka. "Miye njo mujinga namba moja wa avenue hii," husema, tena kwa fahari kidogo, kana kwamba cheo hicho kiligombewa na wengi na yeye akawashinda wote.

Ni mtu wa reli, wa reli kabisa. Babu yake alitoka Kongolo kuja kupanga mataruma, baba yake aliendesha treni ya njia ya Kabalo, na yeye mwenyewe alikaa miaka thelathini na mmoja kwenye kibanda cha ishara, akivuta mikono ya chuma inayopeleka treni huku au kule. Kazi hiyo kwa Kifaransa huitwa aiguilleur, na Damien hulitamka neno hilo polepole ili msikilizaji apate muda wa kulistahi. Katika miaka yote hiyo treni mbili hazikugongana mikononi mwake. Mkewe Geneviève hupenda kuongeza kwamba miaka ya mwisho treni zilikuwa chache mno, hata zingetaka kugongana zisingekutana.

Alipostaafu aliihamishia reli nyumbani. Choo kikapata ratiba. Geti likapata saa za kufungwa na kufunguliwa, zilizoandikwa kwa chaki. Mgeni aliyekuja bila taarifa aliulizwa anatoka wapi, anaelekea wapi, na atakaa muda gani, maswali ambayo Damien aliyauliza kwa nia njema kabisa na ambayo yalimpunguzia wageni. Geneviève, ambaye hushona sare za kwaya kwenye cherehani yake barazani, aliiacha ratiba ya choo ining'inie ukutani na akaenda chooni alipojisikia.

Watoto wao ni wawili. Wa mwisho, Plamedie, anasomea unesi. Wa kwanza ni Jérémie, na hapo ndipo penye kidonda. Damien alimwombea kijana huyo kazi ya reli kwa mwaka mzima, akivaa koti lake la harusi kwenda kuwaona wakubwa. Jérémie aliifanya miaka miwili, kisha siku moja akaja akasema ameacha. Amepata kazi ya kuendesha lori la mizigo, barabara ya Sakania. Lori. Angesema ameingia jela, Damien angempelekea chakula. Lakini malori ndiyo yaliyoinyang'anya reli mizigo yake, na sasa kitukuu wa mpanga mataruma alitaka kushika usukani wa mojawapo. Maneno yakawa makali. Damien akamwonyesha geti, akamwambia asilivuke tena, na akaamuru jina lake lisitajwe ndani ya nyumba ile.

Amri hiyo ilikuwa na kasoro ambayo mtu mwenye akili angeiona mapema. Lubumbashi, mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Tangu Jérémie azaliwe, Damien ni Baba Jérémie na mkewe ni Mama Jérémie: sokoni, kanisani, kwa majirani, kwa muuza makaa, hata kwa padri. Kwa hiyo mtu aliyelipiga marufuku jina la mwanawe aliitwa kwa jina hilo mara thelathini kwa siku, na kila mara aliitika. Akajaribu kumwita mkewe Mama Plamedie. Geneviève hakugeuka. Alijaribu wiki nzima, na wiki nzima akala chakula kilichopoa. Tangu hapo, kwa miaka minne, akawa anamwita mke wake "weye" au "sikia", kama mtu anayesimamisha teksi.

Mwaka jana shule ya Plamedie ilianza kutoa baadhi ya masomo kwa mtandao, na mega za simu zilikuwa zinamwishia katikati ya somo. Damien akaamua kuweka wifi. Fundi Edouard, mtu mzima mwenye ngazi ndefu na maneno mafupi, akapanda juu ya paa akafunga antena, akateremsha waya, akaiweka mashine nyeupe sebuleni, juu ya kabati la salon, kisha akatoa simu yake ili aupe mtandao jina. Hakuuliza. Aliandika jina ambalo avenue nzima humwita mwenye nyumba. Damien alipofungua simu yake akaliona limekaa pale juu kabisa, kwa herufi kubwa: BABA JEREMIE.

"Hii jina, itoe," akasema.

"Juu ya nini, Papa?" fundi akauliza sababu. "Haiko jina yako?"

Hapo ilibidi ama aeleze habari za mtoto, geti na lori mbele ya fundi, ama anyamaze. Akasema, "Iache." Basi jina lisiloruhusiwa kutamkwa sebuleni likawa linarushwa hewani mchana kutwa, linavuka ukuta, na kila mwenye simu aliyepita barabarani aliweza kulisoma.

Kabla hajaondoka, Edouard alimpa mashauri. Code, yaani neno la siri, iwe ndefu, isiwe jina wala namba ambayo mtu anaweza kuiwaza. Tena mashine yenyewe ina code yake ya ndani, ya kuingilia mipangilio, iliyotoka nayo kiwandani. Hiyo nayo ibadilishwe leo leo. Damien akamsikiliza kwa tabasamu la mtu mkubwa.

"Edouard, ndugu yangu, miye nililindaka treni myaka makumi tatu na moja. Unifundishe kufunga mulango?"

Akamtoa sebuleni, akainamia simu, akaziba kioo kwa kiganja, akaandika code mwenyewe. Ilikuwa namba ya locomotive ya baba yake, iliyorudiwa mara mbili: 40174017. Hakumwambia mtu. Simu ya Geneviève, simu ya Plamedie na kompyuta yake, zote aliziandikia yeye, moja moja, wenyewe wakiwa wametakiwa kutazama ukuta. Watu wa shirika, wale Wakatoliki wa jirani wanaosali kwa zamu katika kila nyumba, walipokuja Alhamisi na kuomba code, aliwajibu kwamba sala haihitaji code.

Kisha akaleta kijiti. Akifika hapa Damien husimama, maana anasema aibu hii hawezi kuisimulia akiwa ameketi. Kwenye reli ya njia moja, dereva haingii sehemu iliyo mbele mpaka akabidhiwe kijiti, na kijiti ni kimoja tu. Asiye nacho anangoja. Damien alifikiri, akaona kwamba wifi ni njia moja: waya ni mmoja, mashine ni moja, na Edouard mwenyewe alikuwa amesema watu wakizidi inakuwa nzito. Akachonga kijiti cha urefu wa mkono, akakipaka rangi nyekundu, akakitundika sebuleni. Anayetaka kuingia mtandaoni akichukue. Wa pili angoje.

Utawala huo ulidumu siku tisa. Plamedie alikatishwa somo la mishipa ya moyo kwa sababu mama yake alikuwa anatazama namna mpya ya kukata kola. Geneviève akakatishwa kola kwa sababu Damien alitaka taarifa ya habari. Damien mwenyewe akaenda na kijiti chooni, akakisahau huko, akazunguka saa nzima akimtuhumu kila mtu. Siku ya kumi Geneviève alikitumia kusongea bukari, ugali wa kwao. "Iko na urefu muzuri," akasema, akaendelea kusonga. Rangi nyekundu iliingia kidogo kwenye sufuria, wakala hivyo hivyo, na kijiti hakikurudi ukutani.

Damien hakukata tamaa. Edouard alikuwa amemwonyesha ukurasa kwenye simu unaoorodhesha kila kifaa kilichomo mtandaoni. Akatafuta daftari, akapiga mistari kama ya kibandani: saa ya kuingia, saa ya kutoka, kifaa gani. Simu ya Geneviève ikawa treni namba mbili, ya Plamedie namba tatu, kompyuta namba nne, na yake, bila shaka, namba moja. Alikuwa na raha ambayo hakuwa ameionja tangu astaafu. Geneviève naye alifurahi, kwa sababu mtu aliyeshika daftari haongei sana.

Jumanne moja, saa kumi na dakika arobaini alasiri, ikaingia treni ya tano.

Haikuwa na jina, herufi na tarakimu tu. Ikakaa dakika hamsini, ikatoka. Damien alizunguka nyumba nzima akihesabu simu, na simu zilikuwa zilezile. Ijumaa, saa ileile, ikaja tena. Jumanne iliyofuata, tena. Alikuwa mwizi, na mwizi mwenye ratiba, jambo lililomuuma zaidi, maana aliheshimu saa kuliko treni yoyote ambayo Damien aliwahi kuipokea.

Akabadilisha code. Akaweka jina la kibanda chake pamoja na namba ya ule mkono wa chuma aliouvuta kuliko mingine, ishirini na tatu. Ijumaa mwizi akaingia, amechelewa dakika kumi na mbili tu. Akabadilisha tena. Safari hii akaunganisha vituo vitatu vya njia ya baba yake, Kabongo, Kitenge, Kabalo, bila kuacha nafasi, akalala akiwa na hakika. Jumanne mwizi alitumia dakika saba. Damien akatoka nje siku hiyohiyo na simu imeinuliwa juu, akatembea kando ya ukuta kutoka kona hadi kona ili ajue mtandao unafika wapi. Muuza makaa alidhani anabariki barabara.

Wewe unayesoma umeshaelewa. Damien hakuelewa. Alikuwa na mshukiwa wake tayari.

Mwisho wa avenue kuna depo ya Zéphirin, mfanyabiashara kutoka Butembo, Mprotestanti mpole anayeuza kwa jumla unga, mafuta na sabuni. Malori yake, yakingoja zamu ya kupakua, hupanga foleni kando ya ukuta wa Damien. Na ni Zéphirin huyohuyo aliyempa Jérémie lori. Ndiyo maana kwa miaka minne Damien hakuwahi kutazama lori lolote lililosimama pale: likifika, yeye hugeuza shingo upande wa pili. Mama mmoja wa kanisani alidhani shingo inamuuma, akamletea dawa ya kuchua. "Alianza na mutoto, sasa anakuja na wifi," Damien akajiambia. Akavaa koti la harusi, akachukua daftari, akaenda.

Zéphirin alimpa kiti, akaagiza chai ya maziwa, akasikiliza mashtaka yote pamoja na saa na dakika zake. Kisha akamwomba watoke mlangoni, akamwonyesha paa la depo. Juu yake kulikuwa na antena mbili, kila moja kubwa kuliko meza ya chakula.

"Mzee Baba Jérémie," akasema kwa heshima, "ile ya kwanza ni ya kazi. Ile ya pili ni ya kungojea, kama ile ya kwanza inakufa. Ya kwako ningefanya nayo nini?"

Damien akatazama antena, akatazama daftari lake. Akarudi kukaa, akanywa chai mpaka mwisho, kwa kuwa kuondoka na kikombe kimejaa kungekuwa ni kukimbia. Zéphirin akamsindikiza hadi barabarani, akafungua mdomo kama mtu mwenye neno, akaufunga, akamtakia siku njema.

Edouard akaitwa tena, na safari hii Damien hakutabasamu. Fundi alikuta code ya ndani ya mashine bado ni ileile ya kiwandani. Akamtazama mwenye nyumba, akaibadilisha. Kuna kitufe kidogo kinachoruhusu simu kuingia bila kuandika chochote, akakizima. Kisha akaiacha simu yake itunge code mpya: herufi kubwa na ndogo, tarakimu na alama, ishirini kwa jumla, zisizo na maana kwa binadamu yeyote.

"Hii, Papa, hata weye mwenyewe hautaikumbuka," akasema. Wakaziandika code zote mbili kwenye karatasi, na karatasi ikawekwa chini ya sanamu ya Bikira Maria.

Ijumaa Damien alikaa sebuleni kuanzia saa kumi. Saa kumi na arobaini, hakuna mtu. Saa kumi na moja, hakuna mtu. Ilipotimia saa kumi na moja na nusu akafunga daftari, akatoka uani kifua mbele.

"Nimemufunga," akasema. "Hataingia tena."

Geneviève alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alikuwa ametoka nje ya geti muda mfupi na kurudi, na tangu arudi alikuwa anayatwanga yale majani kana kwamba yamemkosea. Akauacha mchi ndani ya kinu, akajifuta mikono kwa kitenge.

"Code ya kwanza ilikuwa nini?" akauliza.

Haikuwa siri tena. "Namba ya locomotive ya baba."

"Ya pili?"

"Kabini yangu, na mukono ya makumi mbili na tatu."

"Ya tatu?"

"Kabongo, Kitenge, Kabalo."

"Miye niko bibi yako myaka makumi tatu na mbili," Geneviève akasema. "Ile namba ya locomotive siijue. Haukuniambiaka hata siku moja. Ulimuambiaka nani?"

Damien akatafuta kichwani. Alikuwapo mtu mmoja tu. Kila Jumamosi, zamani, mtoto wa miaka sita aliketi juu ya sanduku mle kibandani, miguu haifiki chini, naye Damien akimuuliza: locomotive ya babu ni namba ngapi? Mkono huu ni wa ngapi? Ukitoka Kabongo unafika wapi? Akijibu sawasawa, aliruhusiwa kuuvuta ule mkono wa ishirini na tatu pamoja na baba yake.

"Anapitaka hapa Jumanne na Ijumaa," Geneviève akasema. "Lori yake inasimama hapa ku ukuta, weye unaangaliaka kule. Miye namupelekeaka chakula. Siku moja akaona jina ku simu. Akaniambia, Mama, Baba ameandika jina yangu ku réseau ya wifi. Akawaza ni weye unamuita. Akajaribu namba ya babu yake, ikafunguka. Baba Jérémie, alilia mu lori, mwanaume muzima. Ukabadirisha, akacheka, akasema, Baba ananiuliza tena maulizo ya kabini. Akajibu. Ukabadirisha tena, akajibu. Siku ile ulitembea na simu yako mu barabara, ulipita karibu na mulango ya lori yake, ukageuza shingo. Leo nimemukuta anashika simu tu. Amejaribu yote yenye anajua. Akasema, basi Mama, Baba amenichoka."

Damien akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine kilichomuuma zaidi: alikuwa na hamu na mwanawe. Miaka yote minne alikuwa na hamu naye, akaiita hasira. Mtoto alikuwa amepiga hodi mara tatu, kwa maneno ambayo wao wawili tu waliyajua, na yeye akaziandika hodi hizo kwenye daftari la wezi.

"Na kuko ingine," Geneviève akasema. "Ataomba Zéphirin amubadirishie njia. Atakuwa anaendaka Kasenga, kubeba samaki. Huku hatapita tena."

Jumamosi asubuhi Damien akaitoa karatasi chini ya Bikira Maria ili airudishe code ya vituo vitatu. Aliandika code ya ndani ya mashine, ikakataliwa. Akaandika tena, akichanganya herufi kubwa na ndogo, ikakataliwa. Mara ya tano mashine ikamwambia angoje. Ulinzi ulikuwa bora kabisa. Ulimzuia mwenye nyumba kwa muda wa saa nzima, mpaka Plamedie akamnyang'anya simu taratibu na kuyafanya yote kwa dakika mbili. Damien akashukuru, akaketi mbele ya orodha, akaanza kungoja.

"Baba," Plamedie akamuuliza baada ya muda, "unawaza eko anaona kutoka Sakania kama code imerudi?"

Hakuwa amewaza hivyo. Namba ya mwanawe alikuwa ameifuta kwenye simu siku ileile ya geti, kwa kidole kilichobonyeza kwa nguvu. Akamwomba Geneviève ampigie. Geneviève akaendelea kushona. "Miye sipige," akasema. "Weye njo ulifunga."

Basi akaenda depo, bila koti. Zéphirin alikuwa anasimamia wabeba mizigo waliokuwa wanashusha katoni za sabuni.

"Natafuta dereva yako," Damien akasema. "Ule wa Sakania."

"Ba Sakania niko nabo bane, Mzee," akasema, akiinua vidole vinne. "Unataka nani?"

"Ule murefu."

"Barefu beko babili." Akabakiza vidole viwili.

"Ule wa hapa. Wa avenue."

Zéphirin alijua. Kila mtu pale depo alijua, hata wabeba mizigo waliosimama na katoni mabegani wakisikiliza. Lakini alikuwa ameliacha neno limpite mara moja, siku ile ya chai, na hakutaka limpite tena. "Jina yake nani, Mzee?" akauliza.

Damien akakohoa. Akatazama viatu vyake. Jina ambalo watu walimwita nalo kutwa, mwenyewe alikuwa hajalitia kinywani miaka minne, na lilipotoka lilitoka limepasuka, katikati ya sabuni, mbele ya watu kumi na wawili.

"Jérémie," akasema. "Mutoto yangu, Jérémie."

Zéphirin akatoa simu yake. Akabonyeza namba, akampa simu, akawaondoa wabeba mizigo kwa ishara ya mkono.

Njiani Damien alikuwa ameandaa hotuba. Sehemu ya kwanza ilihusu heshima, ya pili ilihusu reli, na ya tatu ilihusu msamaha, ingawa hakuwa ameamua nani angemwomba nani. Aliposikia ile sauti ikisema "Allô, patron," hotuba yote ikamtoroka.

"Ni miye," akasema.

Upande wa pili injini ya lori ilikuwa inasikika.

"Code nimeirudisha. Ile ya gare tatu, Kabongo, Kitenge, Kabalo."

Injini ikazimwa.

"Hayakuwa maulizo, mutoto yangu. Nilikuwa natafuta mwizi. Na ile jina ni fundi aliandika. Miye sikukuita." Angeweza kunyamazia hayo na kuvikwa wema ambao hakuufanya, na alitamani sana. "Sikukuita, Jérémie. Nilipashwa kukuita."

"Nimesikia, Baba," Jérémie akasema, na simu ikakatika. Damien hakujua kama ni mtandao umeikata au ni mtoto. Akaendelea kutojua Jumapili yote na Jumatatu yote, na ndani ya siku hizo mbili hakumuuliza mtu yeyote anatoka wapi wala anaelekea wapi.

Jumanne ikafika. Saa kumi na nusu alikuwa ameshaketi mbele ya orodha. Treni namba mbili ilikuwamo, namba tatu ilikuwamo. Saa kumi na arobaini akasikia lori linasimama kando ya ukuta, breki zikipumua. Akakodoa macho kwenye kioo. Dakika tano, hakuna. Dakika kumi, hakuna. Alijua dereva yupo nje na code anayo, naye hataki kuingia. "Basi," akasema kwa sauti ndogo, "na miye ningekataa."

Geti likagongwa.

Akaenda kulifungua mwenyewe. Jérémie alikuwa amesimama nje, ncha za viatu zikiwa sambamba na chuma cha chini cha geti, hajakikanyaga. Alikuwa amenenepa kidogo. Simu alikuwa nayo mkononi.

"Baba," akasema, "réseau yako, huku inje iko zaifu."

Damien alitafuta neno la kumjibu, neno la baba, lenye uzito. Machozi yalikuwa yanamtiririka mbele ya barabara nzima na hakuyaficha.

"Mashine iko mu salon," akasema, akasogea pembeni, akamwachia njia.